Na Mwenye Kalamu Apandishwe Jukwaani

Juma Bhalo alipofariki mwaka 2014, Mombasa ilimlilia kama inavyostahili kuliliwa sauti ya kiwango kile. Kanda zake zilikuwa zimekwisha kuzunguka pwani yote, Lamu hadi Tanga na Unguja, na kuvuka bahari pamoja na Waswahili waliohamia ng'ambo. Lakini maneno aliyoyaimba hayakuwa yake peke yake. Mengi yalitoka kwa jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule wa Malenga wa Mvita, diwani iliyotoka 1971. Wanafunzi wa fasihi wanamjua Ahmad Nassir kwa kuwa kitabu kina jalada na jalada lina jina. Wapenzi wa taarabu ni habari nyingine. Wako waliokula pilau za harusi miaka nenda miaka rudi mashairi yake yakiwapita masikioni, wasijue ni ya nani.

Ndugu msomaji, barua hii ni ya kumwombea huyo asiyejulikana.

Sisi Tanzania tunazo tuzo za taifa za muziki. Zilianza 1999, zikabeba jina la bia ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, zikasimama baada ya 2015, kisha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likazirudisha 2022 kwa jina la Tanzania Music Awards. Enzi za Kili kulikuwa na vipengele vya mtunzi bora vilivyogawanywa kwa aina ya muziki: wa taarabu peke yake, wa bendi peke yake, wa bongo fleva peke yake. Ulikuwa mpango wa busara. Mwandishi wa mafumbo ya taarabu huwezi kumpambanisha na mwandishi wa hip hop ukasema umetenda haki. Hata hivyo kipengele cha mtunzi hakijawahi kuwa kile ambacho watu wanakesha wakikisubiri. Kinatajwa haraka haraka, makofi yanapigwa kwa adabu, halafu kamera inarudi kwa mwimbaji na mavazi yake.

Na watunzi wengi hawajaguswa kabisa. Chukua kwaya. Kila Jumapili, kuanzia Bukoba hadi Songea, maelfu ya watu huimba nyimbo za watunzi kama marehemu John Mgandu, nyimbo ngumu, za sauti nne, zilizofikiriwa kwa makini. Jina la mtunzi huandikwa juu ya karatasi ya nota, pembeni kulia. Sasa nenda kaangalie karatasi iliyopo mkononi mwa mwanakwaya wa parokia ya pembezoni. Ni nakala ya nakala ya nakala. Nota zimefifia lakini zinasomeka. Ile pembe ya juu ndiyo iliyokatwa na mashine, na jina limekwenda nayo. Kwaya inaimba, mapadri wanasifu, wimbo unarekodiwa na kwaya ya mji mwingine, na kwenye kava wanaandika jina la kwaya basi. Watunzi hawa, pamoja na wenzao wa kaswida, wasingejipeleka kwenye tuzo yenye jina la bia hata kwa kubembelezwa. Leo kikwazo hicho hakipo. Waalikwe.

Katika taarabu kazi huwa ya mikono mitatu: mmoja ameandika shairi, wa pili amelitia sauti, wa tatu ndiye anayeimba. Shangazi wa bwana harusi anapoinuka na noti yake, akacheza taratibu mpaka mbele na kumpa mwimbaji, anatoa kwa sababu beti fulani imemgusa, pengine imemsema jirani. Noti ile haimfikii aliyeandika beti. Huenda ni mwalimu, na wakati huo yuko nyumbani anasahihisha madaftari.

Bongo fleva wana ugonjwa wao. Kuandikiwa kumefanywa aibu. Msanii akiambiwa "huyo anaandikiwa" anaona ametukanwa, kwa hiyo anayemwandikia analipwa pesa ya mkononi, anaambiwa anyamaze, na ananyamaza. Binafsi sioni aibu iko wapi. Juma Bhalo aliandikiwa na hakuna aliyemwona mdogo. Aibu ni kumficha aliyekuandikia. Mwandishi akipewa tuzo yenye heshima sawa na ya mwimbaji, mbele ya kamera zilezile, siri hiyo itakosa maana yenyewe.

Wazee wetu hawakuwa hivi. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi, hakuuacha bila alama: humo ndani aliweka mwaka wa kuutunga, 1275 wa Hijria, yaani 1858, na hesabu ya beti. Washairi wengi wa Kiswahili waliomfuata walitia majina yao katika beti za mwisho, ili hata karatasi ikipotea jina libaki vinywani. Na waliolelewa na Radio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka utangazaji wa nyimbo za bendi: wimbo, bendi, na mtunzi wake. Hivyo ndivyo nchi ilivyomjua Muhidin Gurumo kama mtunzi, sio mwimbaji tu, na Mbaraka Mwinshehe vilevile. Siku hizi mtangazaji anasema jina la msanii mara tatu, jina la aliyetengeneza mdundo mara moja, na mwandishi hatajwi.

Hasara ya kutotaja tunaijua. Malaika, wimbo ambao Miriam Makeba aliueneza duniani, mpaka leo unazua ubishi. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na kuudai. Wako wanaosema kwa nguvu kwamba ni wa Adam Salim, Mtanzania, na wapo wengine tena. Fadhili alifariki 2001 na mjadala haujafa. Laiti ungekuwepo utaratibu wa kila mwaka wa kuandika hadharani, wimbo huu umetungwa na fulani, wangepona wote. Jambo Bwana una bahati zaidi: tunajua kwamba uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi iliyokuwa ikipiga katika hoteli za pwani ya Kenya. Walakini kila usiku unaimbiwa watalii kuanzia Diani hadi Nungwi, na ukimuuliza mhudumu aliyeshika trei ni wa nani, atakwambia ni wimbo wa kienyeji.

Wenzetu Waingereza walilitazama jambo hili mapema. Tuzo za Ivor Novello zilianza 1956, na hazimtazami mwimbaji, zinampa aliyeandika. Wanaoamua ni watunzi wenyewe, kwa hiyo wingi wa mashabiki haumsaidii mtu. Mtoto wa Mji Mkongwe, Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamwita Freddie Mercury, aliipata kwa uandishi wake wa wimbo Killer Queen. Hata huko, lakini, kuna kichekesho. Novello mwenyewe alipata umaarufu kwa wimbo wa 1914 ulioimbwa sana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Yeye alitia sauti. Maneno ni ya mwanamke Mmarekani, Lena Guilbert Ford, aliyeuawa na bomu London mwaka 1918. Tuzo imebeba jina la mwenye sauti. Wa maneno wanamkumbuka wachache.

Ninaomba nini basi? Kwa BASATA ninaomba mambo ya utaratibu tu. Wimbo wowote unaoletwa kushindanishwa, katika kipengele chochote, uje na majina mawili: aliyeandika maneno na aliyetia sauti. Usio na majina urudishwe kwa mwenyewe akaulize studio. Vipengele vya mtunzi vigawanywe tena kwa aina ya muziki, na safari hii kwaya, kaswida na ngoma za asili ziwe ndani. Kura za simu ziachiwe waimbaji, kwa kuwa mwandishi hana mashabiki wa kumpigia. Yeye ahukumiwe na jopo la watunzi na washairi wanaosoma beti kwa penseli mkononi.

Sheria haitupingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na inampa haki ya kutajwa kuwa kazi ni yake. Mirabaha nayo humfuata aliyeandikishwa. Mjane mwenye daftari la marehemu kabatini, lakini jina la marehemu halipo popote kwenye kumbukumbu, ataanzia wapi kudai? Tuzo haitamlipa mirabaha, ila itakuwa imeliweka jina hilo mahali ambapo kila mtu anaweza kulionyesha kwa kidole.

Kwako wewe msomaji, kazi ni nyepesi na huhitaji kibali cha mtu. Kama wewe ni mwalimu wa kwaya, chukua kalamu leo uandike jina la mtunzi upya kwenye nakala zako zote. Kama unatangaza redioni, litaje kabla ya wimbo, maana baada ya wimbo tangazo la biashara litakumeza. Mwimbaji, mwandike aliyekuandikia kwenye maelezo ya video yako, na mwekeane saini ya nani ana fungu gani kabla hamjaingia studio, undugu ungalipo. Wewe mwenye mzee aliyewahi kutungia bendi ya jeshi, ya polisi au ya chama cha wafanyakazi, keti naye akutajie nyimbo zake moja moja, urekodi kwa simu, ukaziandikishe.

Na pazia la mapendekezo likifunguliwa, usikimbilie jina lililoko kwenye mabango barabarani. Uliza kwanza wimbo unaoupenda umeandikwa na nani, kisha tuma jina hilo.