Siri ya Mtungi na Kibodi ya Simu

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huingia mtungini kutwa kucha, ikagusa maji ya juu na ya chini, na hakuna kilichomo kisichoifikia. Katika maisha yetu ya leo mtungi ni simu ya mkononi, na kata ni kibodi, yaani ule ubao wa herufi unaojitokeza kwenye kioo kila tunapotaka kuandika. Walimu na wanafunzi wa Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha hujadiliana sana kuhusu kamera ya simu na betri yake. Ni wachache mno wanaouliza kibodi yao imeundwa na nani, na inayoyasoma humpelekea nani.

Wengi wetu hudhani kwamba kibodi ni kiungo cha simu kama kilivyo kioo. La hasha! Kibodi ni programu kama programu nyingine, na inaweza kuondolewa na nyingine ikawekwa mahali pake. Tena ni programu yenye uwezo kuliko nyingi, kwa kuwa kila herufi hupitia kwake kwanza. Tunaambiwa kwamba ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa ufunguo ambao hakuna mtu wa kati awezaye kuufungua. Ni kweli. Hata hivyo, kibodi huusoma ujumbe kabla haujafungwa. Kufuli imara haimsaidii mwenye nyumba ikiwa mgeni alikwisha kuketi sebuleni kabla ya mlango kufungwa.

Si mimi ninayezusha hofu hii. Mtu anapoweka kibodi mpya katika simu ya Android, simu yenyewe humwonya kwamba huenda kibodi hiyo ikakusanya yote anayoyaandika, zikiwamo nywila na nambari za kadi za benki. Onyo hilo hukaa kiooni kwa muda mfupi, tukalikubali bila ya kulisoma, kisha tukaendelea na shughuli zetu.

Yaliyotokea kwingine yatufunze. Mnamo Desemba 2017 iligunduliwa kwamba hifadhidata ya kibodi iitwayo AI.type ilikuwa imeachwa wazi mtandaoni bila ya nywila. Ndani yake mlikuwa na habari za watumiaji zaidi ya milioni 31, pamoja na majina na nambari za simu za jamaa na marafiki zao, watu ambao hawakuwahi kuitumia kibodi hiyo. Mnamo Aprili 2024 watafiti wa Citizen Lab katika Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada, walitoa ripoti kuhusu kibodi za kuandikia Kichina zinazotuma maandishi kwenye seva ili zipate kukisia herufi. Kati ya kampuni tisa walizozichunguza, nane zilikuwa na kibodi zenye kasoro ambazo zingemwezesha mdukuzi kuyasoma maandishi yakiwa njiani. Sisemi kwamba kibodi zetu zina kasoro hizo hizo. Ninachosema ni kwamba neno likishatoka katika simu, mwenyewe halimiliki tena.

Nikiwa mwanaisimu, naliona jambo hili kwa jicho la ziada. Kibodi inayokisia neno lifuatalo hujifunza msamiati wa mwenyewe. Baada ya miezi michache huwa inajua lugha anayozungumza na mamake, majina ya ukoo wake, dini yake, maradhi yake na wanasiasa anaowataja. Orodha hiyo ya maneno humweleza mtu kuliko kitambulisho chake. Sisi wa Bonde la Ufa ya kati tunaujua uzito wa jambo hili. Mwanzoni mwa mwaka 2008, hapa Nakuru, jina la mtu na lugha ya mamake vilitosha kumweka hatarini. Haifai basi kumbukumbu za namna hiyo zilimbikizwe mahali tusipopajua, na watu tusioweza kuwahoji.

Kuna wanaosema, "Mimi sina la kuficha." Mwalimu anayesema hivyo amejifikiria yeye pekee. Simu yake haina siri zake tu. Ina alama za wanafunzi, majina ya wasioweza kulipa karo, na ujumbe kwa mzazi kuhusu msichana aliyepata mimba au mvulana anayepigwa nyumbani. Mwanafunzi wa chuo naye huandika humo nywila yake ya eCitizen na habari za mkopo wake wa HELB. Anayekwenda Mau kunakili masimulizi ya wazee wa Ogiek kuhusu ardhi yao, ardhi ambayo iliwafikisha mbele ya Mahakama ya Afrika mjini Arusha na kupata hukumu mwaka 2017, amekabidhiwa amana ya watu. Siri ya mwenzio si mali yako hata uigawe.

Sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa mwaka 2019. Lakini sheria humfaa zaidi aliyekwisha kudhulumiwa na akajua kwamba amedhulumiwa. Kinga ya kwanza imo mikononi mwetu wenyewe.

Tuchague kwa kigezo gani? Napendekeza vitatu. Kwanza, kibodi iwe programu huria, yaani ile ambayo maagizo yaliyoiunda yamewekwa wazi ili fundi yeyote aweze kuyasoma na kuyakosoa. Kampuni kubwa nazo hutoa ahadi za kulinda faragha, na huenda zikazitimiza, lakini ahadi ya programu iliyofungwa tunaipokea kwa imani tu. Kama tunavyomfundisha mwanafunzi wa hesabu kuonyesha njia badala ya kutoa jibu tupu, ndivyo tunavyopaswa kudai kwa programu.

Pili, kibodi isiwe na idhini ya kutumia intaneti. Kata isiyo na mlango wa kutokea haiwezi kupeleka habari popote. HeliBoard, iliyotokana na programu huria iliyoitangulia iitwayo OpenBoard, ni mfano mmoja wa kibodi ya Android isiyoomba idhini hiyo. Hupatikana katika F-Droid, duka la programu huria lililoanzishwa mwaka 2010, ambako idhini za kila programu huorodheshwa kabla ya kuipakua. Wenye iPhone nao wafahamu kwamba kibodi ya ziada haiwezi kufikia mtandao mpaka wao wenyewe waipe ruhusa kamili. Wasiitoe ovyo.

Tatu, kibodi iziheshimu lugha zetu. Gikuyu ina irabu saba, na haiandikiki ipasavyo bila ya ĩ na ũ. Kikamba pia. Mwandishi wa Kiswahili anahitaji ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo iliyo karibu na kidole, na asilazimike kupigana na mashine inayogeuza maneno yake yawe ya Kiingereza. Anayekosa herufi za lugha yake atazame Keyman, programu huria inayosimamiwa na shirika la SIL, yenye kibodi za lugha nyingi za Afrika.

Sitadai kwamba njia hii haina gharama. Kibodi isiyotuma chochote nje huenda ikawa hodari kidogo tu katika kukisia maneno, na baadhi ya madoido, kama vile kuandika kwa kutelezesha kidole au kwa kuamuru kwa sauti, yanaweza kukosekana. Kamusi za Kiswahili katika programu huria nazo zina mapengo. Hata hivyo, pengo hilo ni letu kuliziba. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki katika kuitafsiri programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Hawakumngoja mfadhili wa mbali awaamulie istilahi. Idara zetu za lugha, zenye wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, zinashindwa nini kuandaa orodha safi za maneno ya Kiswahili, Kikalenjin au Gikuyu na kuzitoa kwa umma?

Mwalimu mwenzangu, kazi hii haikuhitaji shahada. Fungua mipangilio ya simu yako, tazama jina la kibodi unayoitumia, na usome idhini ulizoipa. Kisha lifanye liwe somo la darasani siku moja. Tunawafundisha wanafunzi kutomwonyesha jirani karatasi ya mtihani kabla haijakusanywa. Tuwafundishe pia kujua ni nani anayechungulia begani mwao wanapoandika barua kwa mama.