Tumbili wa maabara akiugua, mhudumu huwa hatarini kwanza

MAMLAKA ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipotangaza Aprili 2025 mpango wa kupunguza majaribio ya wanyama katika uundaji wa baadhi ya dawa, wengi walilitazama suala hilo kwa jicho la huruma kwa wanyama. Huruma hiyo ina haki yake. Hata hivyo, historia inaonyesha kuwa aliye karibu zaidi na hatari ni mtu anayefungua kizimba.

Mnamo Agosti 1967, wafanyakazi wa kiwanda cha chanjo mjini Marburg, Ujerumani Magharibi, walishikwa na homa kali, wakaharisha na kuvuja damu. Wengine waliugua Frankfurt na Belgrade. Watu 31 waliambukizwa, saba wakafariki. Wote saba walikuwa miongoni mwa walioshughulikia tumbili au damu na viungo vyao. Walioambukizwa na wagonjwa wenzao walinusurika.

Tumbili hao (wanahabari wetu wangewaita nyani, kana kwamba Kiswahili hakina jina jingine) walisafirishwa kutoka Uganda. Kwa nini Ulaya iliwahitaji? Awali, chanjo ya polio ilikuzwa katika seli za figo za makaki wa Asia. Mwaka 1960, Ben Sweet na Maurice Hilleman walitangaza kuwa seli hizo zilikuwa na kirusi SV40, kinachoishi kimya ndani ya makaki bila kumdhuru. Mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Utafiti wa baadaye haukuthibitisha kwamba kiliwaletea saratani, lakini watengenezaji walikuwa wamekwisha kugeukia tumbili wa Afrika, ambao hawakuwa nacho. Waliruka majivu, wakakanyaga moto.

Kwa takriban miongo minne, tumbili alibebeshwa lawama ya Marburg. Ni baada ya wachimba madini kuugua Kitaka, Uganda, mwaka 2007 ambapo wanasayansi walimfuata popo wa matunda pangoni, na mwaka 2009 wakachapisha ushahidi kuwa kirusi hai kimo ndani yake. Tumbili alikuwa mwathiriwa kama sisi.

Makaki naye hubeba herpesi B, ambayo humletea vidonda vidogo tu mdomoni. Kwa binadamu huvamia ubongo. Daktari William Brebner aliumwa na makaki New York mwaka 1932, akafa. Mwaka 1997, mtafiti kijana mjini Atlanta alirukiwa na uchafu wa mnyama huyo jichoni, naye akafariki.

Kifua kikuu huenda kinyume: makaki hukipata kwa binadamu, kisha kikaenea upesi katika vizimba vilivyosongamana.

Nchini Kenya, utafiti wa nyani na tumbili umefanywa kwa miongo mingi katika taasisi iliyoko Karen, Nairobi, yenye chimbuko katika kazi ya Louis Leakey. Popote kazi hii inapofanyika, swali la kwanza kwa mkaguzi lisiwe idadi ya wanyama. Na aulize: yule anayeosha vizimba alipimwa kifua kikuu lini, na je, anayo miwani ya kukinga macho?