Kazi za Mikono: Mwandishi wa Vibao Aliyekwenda Roma

Mwezi huu twataka kusema habari za fundi ambaye kazi yake huonwa na watu wote, wala hapana aulizaye jina lake. Ndiye mtu aandikaye herufi: majina ya maduka, vibao vya njiani, maneno ya ubavuni mwa magari. Fundi wa namna hii mara nyingi hana bwana wala mshahara wa mwezi. Huchukua brashi zake na makopo ya rangi, huenda mahali palipo na kazi, na kazi ikiisha huhama. Leo hula kuku, kesho hukopa chumvi.

Twamtaja mmoja wao, Edward Catich wa Marekani, kwa kuwa kazi hiyo ilimchukua mbali sana, naye hakuitupa brashi njiani. Alizaliwa mwaka 1906 huko Stevensville, katika jimbo la Montana. Wazazi wake walikufa yeye angali mtoto, akapelekwa pamoja na ndugu zake Mooseheart, katika jimbo la Illinois, penye makao ya yatima. Watoto wa huko walifundishwa kazi za mikono, naye akawekwa chini ya fundi wa vibao. Alipokwisha kukua akaenda Chicago, akajipatia riziki kwa kuandika vibao na kupiga muziki katika bendi, huku akisoma uchoraji katika Art Institute ya mji ule.

Yafaa tueleze kidogo kazi yenyewe, maana aionaye kwa mbali hudhani ni kupaka rangi tu. Fundi hupiga kwanza mistari kwa uzi uliopakwa chaki, ili herufi zisipande wala kushuka. Kisha hushika brashi bapa, yaani ile ambayo nywele zake zimekatwa sawa kama ncha ya patasi. Huegemeza mkono juu ya fimbo, mkono usitetemeke. Brashi hiyo ikivutwa upande wake mpana hutoa mstari mnene. Ikivutwa kwa ukingo wake hutoa mstari mwembamba. Na afikapo mwisho wa mstari, fundi huizungusha kidogo katikati ya vidole vyake kabla ya kuiinua, na hapo hutokea kijimguu kidogo, ambacho wachapaji huita serifu. Hafikiri anapofanya hivyo. Vidole vyake vimekwisha kuzoea, kama vile vidole vya mama asukaye ukili akizungumza na jirani.

Baba mmoja wa misioni yetu ametuuliza kama ni vema kumwachia mwanawe kazi hii, hali amemlipia karo hata darasa la mwisho. Sisi twaona kwamba si kuipoteza elimu. Mwandishi wa vibao asiyejua kuandika maneno sawasawa ataaibika mbele ya mji mzima, na kosa lake litakaa ukutani miaka kumi. Lakini baba huyo na amwulize fundi atakayempokea mtoto: atamfundisha kweli, ama atamfanya mwosha brashi tu? Tena wamesikizana nini juu ya chakula? Liko na jambo jingine ambalo vijana hutuletea kwa siri: Mkristo aandike kibao cha kilabu cha pombe? Kwa hilo hatutaki kuwatungia sheria wote kwa neno moja. Kijana na aende kwa padre wake kabla hajapokea rangi ya kazi ile, si baada.

Tumrudie Catich. Kutoka Chicago alikwenda Davenport, katika jimbo la Iowa, akasoma katika koleji ya Mtakatifu Ambrosi, ambayo leo ni chuo kikuu. Mwaka 1935 akavuka bahari kwenda Roma kusomea upadre. Basi katika Roma imo nguzo ndefu ya mawe, iliyosimamishwa mwaka 113 kwa heshima ya Kaisari Trajan. Chini yake yamechongwa maandishi ya mistari 6, yasemayo kwamba Baraza na watu wa Roma wameisimamisha ili kuonyesha ukubwa wa kilima kilichoondolewa mahali pale. Wajuzi wa herufi wa Ulaya na Marekani huyasifu maandishi hayo kuliko yote ya Kirumi, na herufi kubwa tuzionazo katika vitabu vyetu vya sala ni za ukoo huo huo.

Wanafunzi wa upadre walio wengi walipita pale wakatazama, wakaenda zao. Huyu alitazama kwa jicho la mtu wa vibao. Aliona kwamba herufi za mistari ya juu zimefanywa kubwa kuliko za chini, ili mtu asimamaye chini azione zote sawa. Na hiyo ni hila ajuayo kila fundi aliyewahi kuandika ukutani. Tena akaona vile vijimguu. Wajuzi wengi walikuwa wakifundisha kwamba serifu zilizaliwa na patasi, yaani mwashi alizichonga ili kumaliza vizuri ncha za mistari. Catich akasema sivyo: mkono uliozungusha brashi bapa ndio uliozifanya, na patasi ilikuja nyuma, ikifuata rangi.

Wako waliokwisha kudokeza habari hiyo kabla yake, kama Lethaby wa Uingereza mwaka 1906. Lakini kudokeza si kuonyesha. Wengi walikuwa wameyasoma maandishi yale kwa njia ya picha, au kwa mfano wa plasta uliowekwa katika makumbusho ya London. Catich aliliendea jiwe lenyewe, akalaza karatasi juu yake na kuisugua hata umbo la kila herufi likatokea. Kisha akaandika herufi zile zile kwa brashi, mbele ya macho ya watu. Hapo ndipo neno lake lilipopata nguvu, maana msomi aweza kubishana na maneno, lakini ni vigumu kubishana na mkono ufanyao kazi yenyewe.

Alipewa upadre mwaka 1938, akarudi Davenport, akafundisha katika koleji yake ile hata kufa kwake mwaka 1979. Alichonga pia, katika jiwe la namna ile ya vibao vya watoto wa shule za zamani. Hakufanya haraka kuchapa hoja yake. Kitabu cha herufi za Trajan kilitoka mwaka 1961, na kile cha asili ya serifu mwaka 1968, yaani miaka 30 baada ya kupewa upadre. Wako hata leo wasiokubali kila neno lake. Lakini hapana awezaye kusema juu ya herufi hizo bila kumjibu yeye. Mmoja wa waliojifunza kwake, Robert Palladino, aliyekuwa mmonaki wa Watrapisti, alifundisha mwandiko katika koleji ya Reed huko Oregon. Darasani mwake aliingia kijana Steve Jobs, ambaye mwaka 2005 alieleza kwamba mafunzo yale ndiyo yaliyomfanya atie herufi nzuri katika kompyuta zake.

Mwalimu atakaye kuwaonyesha watoto jambo hili haitaji brashi ya Roma. Na avunje kipande cha chaki kama urefu wa kiungo cha kidole, akilaze ubavu juu ya ubao, ncha ya kulia ikiinuka kidogo kuliko ya kushoto, kisha aandike A bila kukigeuza. Mguu wa kushoto utatoka mwembamba, na wa kulia mnene, kama ilivyo vitabuni. Aandike na O, nayo ataiona imeinama kidogo upande mmoja, kama ilivyo katika jiwe la Trajan. Herufi H na K hazimo kabisa katika maandishi yale. Hizo watoto watazitunga wenyewe.