Kuzimu si Ulimwengu Sambamba

Kumezuka mtindo miongoni mwetu, sisi tunaoandika juu ya fasihi ya Kiswahili tukiwa mbali na kwetu, wa kudai kwamba wazee wetu waliijua nadharia ya malimwengu sambamba kabla ya wanafizikia wa Marekani. Ushahidi unaotolewa ni uleule: kuzimu, ujinini, Giningi. Msomi husimama kongamanoni, akaitaja mizimu, akamtaja Hugh Everett, akawaunganisha kwa neno "vivyo hivyo", na ukumbi ukapiga makofi. Mimi nimechoka kupiga makofi. Dai hilo linaazima heshima ya fizikia bila kuisoma, kisha linaivua kuzimu kile kilichoifanya iogopwe.

Tuanze na Everett, kwa kuwa anatajwa sana na kusomwa kidogo. Mwaka 1957, katika tasnifu yake ya uzamivu huko Princeton, aliuliza itakuwaje tukiuamini mlinganyo wa Schrödinger mpaka mwisho, bila kuukatiza pale tunapopima. Fundisho lililotawala lilisema kwamba chembe iliyo katika hali mbili kwa pamoja huangukia hali moja mara inapopimwa. Everett alikataa anguko hilo. Kwake hali zote mbili zinaendelea, na mpimaji naye anagawanyika pamoja nazo, kila nakala yake ikiona jibu moja tu. Jina la "dunia nyingi" lilienezwa baadaye na Bryce DeWitt, wakati ambapo Everett alikwisha kuuacha ulimwengu wa vyuo na kuingia katika mahesabu ya silaha kwa ajili ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Alifariki mwaka 1982, akiwa na miaka 51.

Jambo ambalo makongamano hulipita mbio ni hili: matawi ya Everett yakishaachana, hayasikilizani. Hali mbili za chembe moja zaweza kuingiliana, na maabara zimelionyesha hilo mara nyingi. Lakini kitu kikubwa kama mwili wa mtu, kinachoguswa na hewa na mwanga kila nukta, hupoteza uwezo huo karibu papo hapo, na mlinganyo wenyewe hautoi njia ya tawi moja kupeleka habari kwa jingine. Mwaka 1991 Joseph Polchinski alionyesha kwamba ukiubadilisha mlinganyo kwa namna aliyoipendekeza Steven Weinberg, mlango waweza kufunguka, na ndipo likazaliwa jina la "simu ya Everett". Majaribio yaliyolitafuta badiliko hilo hayajaliona. Mwaka 2014 Michael Hall, Dirk-André Deckert na Howard Wiseman walikuja na wazo jingine: dunia ni nyingi, kila moja ina chembe zake zenye mahali pake, na maajabu ya kwantamu yanatokana na dunia zinazokaribia kufanana kusukumana. Nalipenda wazo hilo kwa ujasiri wake. Lakini tazameni linachotupa: msukumo. Hakuna anayeitwa kwa jina, wala anayedaiwa.

Kuzimu hudai. Mzimu usiotambikiwa huleta maradhi nyumbani, huja ndotoni, huuliza. Katika masimulizi ya Unguja na Pemba, anayetaka kuingia katika uchawi wa Giningi hutozwa kiingilio, na kiingilio ni mtu wake wa damu. Na katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, riwaya ya mwaka 2001, marehemu harudi ili kumwonyesha mjukuu wake nchi nyingine ambamo mjukuu huyo ni mtu mwema. Anarudi kumtembeza katika matokeo ya maisha yale yale aliyoyachagua. Babu angebaki katika tawi lake, asingekuwapo wa kumsumbua K, na riwaya isingekuwapo. (Lugha yenyewe ilikwisha kutuonya, maana mtu akisema "malimwengu" mitaani, hasemi habari za anga, anasema habari za watu na visa vyao.)

Nina sababu ya kuwa mkali. Baba alifariki nikiwa Uingereza, mwaka wa tatu wa uzamivu. Kibali changu kilikuwa katika maombi ya kuongezwa muda, na ningetoka ningepoteza haki ya kurudi kumaliza. Nikabaki. Mazishi niliyaona kwenye simu aliyoishika binamu yangu, picha ikikwama kila mara, na mara ya mwisho ilikwama juu ya kanzu za watu waliokuwa wakifukia. Jioni ile rafiki mmoja, mtu mwema kabisa, alinifariji kwamba katika ulimwengu mwingine nimeshuka kaburini kumpokea baba yangu. Nilimshukuru. Usiku ndipo nilipoona alichonipa. Mtu yule, kama yupo, alimzika baba yake mwenyewe. Hakuniwakilisha mimi, na wala hajui kama niko.

Mama aliniambia maneno mengine kabisa: "Mwanangu, hukumzika, lakini dua yako bado anaingoja." Maneno yale hayakunipunguzia kitu. Yalinipa kazi, na bado ninayo.

Najua nitajibiwa kwamba hii ni istiari tu. Na iwe istiari. Basi tuulize kwa nini inatupendeza sisi hasa, wa Muscat, London na Minneapolis. Inatupendeza kwa sababu inaigeuza nyumbani kuwa tawi lililojitenga, linaloendelea bila sisi na lisilotuletea hesabu, ilhali kila mmoja wetu anaijua simu ya saa tisa usiku: karo, mabati, mgonjwa amelazwa. Hiyo haipigwi kutoka tawi la Everett.

Sipingi bunilizi za kisayansi kwa Kiswahili, nazitamani. Mtu na aandike riwaya ya mwanamke wa Tanga anayejua kwamba nakala zake nyingine zipo, na kwamba hakuna hata moja itakayomsikia, hata akilia namna gani. Hapo Everett atakuwa amesomwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kuinunua.