Upole Uliotoka Kwenye Ukoo
Neno la Kiingereza gentle, ambalo leo humaanisha mpole, halikuanza na maana hiyo hata kidogo, kwani asili yake ni gens ya Kilatini, yaani ukoo wa Kirumi uliotumia jina moja, ambako lilitoka gentilis, mtu wa ukoo huo. Wafaransa wa kale walilifanya gentil, mwenye nasaba bora, na Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 lugha yao ya Kifaransa ikatawala miongoni mwa mabwana, hata gentleman akawa mtu wa tabaka la juu, awe mpole au katili. Mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer, katika hadithi zake za Canterbury za karne ya 14, alimpa ajuza mmoja hoja kwamba uungwana ni matendo, si urithi, na hoja hiyo ndiyo ya haki. Maana ya neno nayo ilihama kutoka nasaba hadi tabia, na leo hata upepo mwanana huitwa gentle.