Sauti Isiyojulikana Mwenyewe
Mjini Kayna, kusini mwa Lubero, mashariki mwa Kongo, kama ilivyo katika miji ya Butembo na Beni, habari nyingi husafiri kwa ujumbe wa sauti, yaani maneno yaliyorekodiwa kwa simu, ambayo hupitishwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine mpaka asijulikane aliyeyasema kwanza. Hatari yake ilidhihirika wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kumalizika Juni 2020. Kwani uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa sababu mojawapo, wengi waliamini kwamba Ebola ni siasa tu, na fununu hiyo, ikisikika kwa sauti ya ndugu au jirani, iliwafanya wagonjwa waogope vituo vya matibabu. Si haki kuwalaumu wananchi peke yao, maana watu walioona wenzao wakiuawa miaka mingi bila kulindwa walikuwa na sababu ya kushuku. Hata hivyo, anayepitisha sauti amekuwa msemaji wake, naye anapaswa kuuliza kwanza nani aliyeona, lini na wapi, hasa habari inapohusu vita upande wa mji jirani wa Kanyabayonga, ambapo familia huamua usiku uleule kukimbia au kubaki.