Simu ya upepo garini: Fundi ameifunga wapi?

Ukiishi Bunju na una gari, unajua mlango hugongwa usiku wa manane: mama mjamzito ameshikwa uchungu, apelekwe Mwananyamala. Kwa hiyo siwacheki wanaofunga simu ya upepo au skana garini ili wasikie dharura mapema. Kibali cha TCRA ni lazima, hilo halina mjadala. Mimi nahofia fundi anakifunga wapi hicho chombo.

Mara nyingi ni juu ya dashibodi, upande wa abiria, palepale palipoandikwa SRS. Chini yake umekunjwa mfuko wa hewa. Gari likigonga, mfuko hufumuka kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, na kile chuma humrukia usoni aliyekaa mbele. Labda ndiye huyo mgonjwa wako. Mwambie fundi akishushe chini karibu na gia, akikaze kwa skrubu, na waya wa betri uwe na fyuzi.

Mkiwa Barabara ya Bagamoyo, aongee aliye pembeni yako, wewe endesha. Na kwa mjamzito, kabla hujawasha gari piga 115, ni bure. Huduma ya m-mama hutumia ambulensi na hata madereva wa jamii.